Unafikiria kufunga sola nyumbani? Anza na hesabu ya usiku

Watu wengi wakiwaza sola swali la kwanza ni "nyumba ya vyumba vitatu inataka paneli ngapi", na muuzaji nae anajibu fasta, paneli nne, betri mbili, inveta hii hapa, lete hela. Ukweli ni kwamba hilo swali halina jibu. Nyumba ya vyumba vitatu anayokaa mtu mmoja na laptop yake, na nyumba ya vyumba vitatu yenye watu saba, friji, pampu na pasi, ni vitu viwili tofauti kabisa, vyumba havili umeme. Halafu mchana wala sio wa kuumiza kichwa, jua lipo, paneli inazalisha na we unatumia hapo hapo. Hela inakwenda kwenye usiku. Kwahiyo tutaanza na matumizi, tuje kwenye usiku, na paneli na vikorokoro vingine vitafuata vyenyewe.

Hatua ya 1: Andika kila kinachokula umeme

Chukua daftari upite chumba kwa chumba. Kila kifaa kina kilebo nyuma au chini kimeandikwa wati (W), kama hakuna wati basi kuna volti na ampia, zidisha utapata jibu la kukutosha. Pembeni andika kinawaka masaa mangapi kwa siku, na hapa usijidanganye, kama tivii inaongea tu ukutani kutwa nzima bila mtu kuiangalia andika kutwa nzima. Wati mara masaa unapata wati-saa, na wati-saa 1000 ndo ile uniti moja unayolipia kwenye mita.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kawaida isiyo na makuu:

- taa za LED 6 za wati 7, masaa 5 = 210
- tivii wati 50, masaa 5 = 250
- ruta ya intaneti wati 10, masaa 24 = 240
- laptop na simu, jumla kama 225
- feni wati 50, masaa 8 ya usiku = 400
- friji = 1000

Jumla 2325, yaani uniti 2 na ushee kwa siku.

Friji nimeiandika bila kuzidisha kwa sababu friji ndo inawachanganya watu. Lebo inasema wati 120 mfano, mtu anazidisha mara 24 anapata karibu uniti 3 anakata tamaa, kumbe kompresa inawaka na kujizima yenyewe. Dawa yake ni kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi halafu friji unaichomeka juu yake, iache siku nzima na zaidi, mlango ufunguliwe kama siku zote, usome imekula ngapi. Ukiwa hapo hapo kwenye friji chukua kipande cha karatasi, kibane kwenye mlango ufunge, kisha kivute. Kikitoka kiulaini bila kukwaruza, raba ya mlango imechoka, baridi inavuja na kompresa hailali. Kubadilisha raba ni rahisi mno kuliko kununua paneli na betri za kulisha friji inayovuja. Hivyo hivyo kwa bulbu za kizamani, toa zote weka LED kabla hujaongea na fundi yeyote.

Vitu vya joto viandike ukurasa wake peke yake: pasi, jagi la umeme, hita ya maji, oveni, jiko la umeme. Hivi vinakula wati 1000 mpaka 2000 na zaidi kila kimoja na ndo vinavyofanya bei ya mfumo mzima iruke. Pasi unaweza kupiga saa sita mchana jua likiwa kali, hiyo haina neno. Ila maji ya kuoga kama unayataka kila siku, angalia zile hita za sola zenye mabomba juu ya paa zinazopasha maji moja kwa moja na jua, huhitaji kugeuza jua kuwa umeme, uweke kwenye betri, uutoe tena uwe joto. Kila unapogeuza unapoteza kidogo.

Hatua ya 2: Gawa mchana na usiku

Sasa kwenye ile orodha yako weka mstari. Chukua kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili asubuhi kama muda ambao paneli hazikusaidii kitu cha maana, ni masaa 15 hayo. Kwenye mfano wetu taa zote 210 ni za usiku, tivii tuseme 200, ruta 150, feni yote 400, friji kama 600, chaji za simu 100. Inakuja 1660.

Kuna mlaji mmoja hayupo kwenye orodha ya mtu yeyote, na huyo ni inveta yenyewe, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe kama ule wa ukutani. Inveta ikiwa imewashwa tu, haina mzigo wowote, inakula. Ndogo nzuri inaweza kula wati 10 au 15, kubwa za kilowati 5 zinafika 50 na kuendelea. Ukisema wati 30 tu, mara 15 hiyo ni 450 usiku mmoja, ni zaidi ya mara mbili ya taa zako zote! Kwa masaa 24 ni 720. Ndo maana mtu ananunua inveta kubwa "ije kusaidia baadae" halafu kila asubuhi anakuta betri imelala na hajui imeliwa na nani. Ukienda dukani uliza matumizi ya inveta ikiwa haina mzigo, wauzaji wengi hawalisemi mpaka uulize, lipo kwenye karatasi ya maelezo.

Kwahiyo usiku wetu ni 1660 na 450, jumla 2110. Hii namba izungushie duara, tunaanza kununua nayo.

Hatua ya 3: Amua sola unaitakia nini

Fupi tu hapa. Kama gridi, yaani umeme wa nguzo, haijakufikia, mfumo lazima ujitegemee na uwe na akiba ya siku za mawingu. Kama gridi ipo ila inakatika, unataka inveta haibridi (inayofanya kazi na paneli, betri na gridi kwa pamoja) na betri ya kukuvusha masaa ya giza. Kama gridi ni ya uhakika na unachotaka ni kupunguza bili, basi unaweza kufunga paneli na inveta ya gridi bila betri kabisa na hiyo ndo rahisi kuliko zote.

Lakini sikia, inveta ya gridi isiyo na betri umeme ukikatika na yenyewe inazima hata kama jua linawaka hatari. Imetengenezwa hivyo makusudi ili isije ikapeleka umeme kwenye nguzo wakati mafundi wako juu wanarekebisha. Watu wananunua wakidhani hawatakaa giza tena, siku umeme unakatika saa saba mchana wanabaki wanaangalia paneli juu ya paa. Na kama unataka kurudisha umeme kwenye gridi uliza kwanza sheria za ulipo, kuna sehemu wanalipa vizuri, kuna sehemu wanalipa kiduchu, na kuna sehemu huruhusiwi bila kibali.

Hatua ya 4: Betri

Hapa ndo pa kukaa na kalkuleta. Betri za asidi, iwe ya kuongeza maji au zile za jeli zilizofungwa, hazitakiwi kutumiwa zaidi ya nusu, ukizikamua mpaka chini kila siku zinakufa haraka. Lithiamu, na namaanisha ile iliyoandikwa LiFePO4 au LFP kwenye lebo, unaweza kutumia asilimia 80 hata 90 bila wasiwasi.

Tuichukue ile 2110. Inveta inapoteza kama asilimia 10 wakati wa kugeuza umeme, kwahiyo betri itatoa kama 2340. Kwa asidi ugawe kwa 0.5, unapata 4700, maana yake betri mbili za volti 12 ampia-saa 200 (kila moja 2400) zinatosha kwa mbinde. Kwa lithiamu ugawe kwa 0.8 unapata 2900 na ushee, ya uniti 3 inakuvusha usiku mmoja, ya uniti 5 inakupa pumzi siku ya mawingu.

Sasa bei. Ukiona bei ya lithiamu utashtuka, ukiona ya asidi utafurahi, usifurahi bado. Piga hesabu ya uniti ambazo betri itakupa maisha yake yote. Zile mbili za asidi zinakupa uniti 2.4 kila usiku, na ya kawaida inavumilia mizunguko (kutumia na kujaza tena) kama 500 kwa matumizi ya nusu, nzuri sana zinafika 1000. Tuseme 500, hiyo ni uniti 1200 basi, kama mwaka na nusu hivi ukiitumia kila siku. Lithiamu ya uniti 5 ukitumia asilimia 80 ni uniti 4 kila mzunguko, na mizunguko 4000 ni namba ya kawaida kwa aina hii, hiyo ni uniti 16,000. Gawa bei ya kila moja kwa hizo uniti zake uone ipi ni ghali. Kwa mtu anayetumia kila siku sioni sababu ya kununua asidi leo, labda kama ni ya dharura tu, umeme ukatike mara moja moja, hapo asidi inaweza kuwa na akili.

Betri ya asidi usiiweke chumba cha kulala, ikichajiwa inatoa haidrojeni, gesi inayoshika moto, iweke penye hewa. Na joto linaua betri zote, kwa asidi kila nyuzi 10 juu ya 25 maisha yake yanapungua kama nusu. Kwahiyo ule mpango wa kuificha juu ya dari chini ya bati, achana nao. Wa sehemu zenye baridi ya kugandisha, lithiamu hii haichajiwi ikiwa chini ya nyuzi 0, iweke ndani.

Hatua ya 5: Paneli na paa

Paneli ya wati 400 inatoa wati 400 maabara, jua la wati 1000 kwa mita mraba na paneli yenyewe ina nyuzi 25. Juu ya paa saa saba mchana paneli inafika nyuzi 60 na kuendelea, na kila nyuzi moja inayopanda inapoteza kama asilimia 0.35, kwahiyo hapo tayari umepoteza asilimia 12 kabla ya vumbi na waya. Paneli inataka jua ila joto hailitaki, ndo maana unaacha nafasi kama sentimita 10 kati yake na bati hewa ipite.

Hesabu inakwenda hivi. Tafuta masaa ya jua kamili (jua la siku nzima likihesabiwa kama masaa ya lile jua la wati 1000) ya sehemu yako kwa mwezi mbaya kuliko yote, usichukue wastani wa mwaka. Kwenye intaneti kuna Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia na PVGIS ya Umoja wa Ulaya, zote bure, unaweka alama kwenye nyumba yako inakupa. Sehemu nyingi za ukanda wa joto zinacheza kwenye 4 mpaka 6, ukienda mbali na ikweta msimu wa baridi inaweza kushuka chini ya 2. Tukichukua 4: matumizi ya siku 2325 jumlisha inveta 720 ni 3045, gawa kwa 4, gawa tena kwa 0.75 ya upotevu wote, unapata wati 1015. Paneli tatu za 400 zinakufaa na kuna ziada ya siku mbovu. Unaona, tatu tu, na hazijauliza una vyumba vingapi.

Dukani nenda na futi kamba. Paneli nzuri za sasa zinabadilisha asilimia 20 hadi 23 ya jua, maana yake mita mraba moja haiwezi kutoa zaidi ya wati 230 hivi. Pima urefu mara upana. Ukikuta paneli ina mita mraba moja na lebo inasema 400W, hiyo lebo inadanganya, rudisha futi kamba mfukoni uondoke. Na usiwe mtu wa kusubiri teknolojia ikue, ile seli ya kwanza ya silikoni ya maana waliyoonyesha Bell Labs mwaka 1954 ilikuwa asilimia 6, leo tuko 20 na kitu, na sheria za fizikia zinaziwekea hizi za silikoni tupu kikomo cha kama 29. Hakuna muujiza wa kesho unaoukosa.

Ukiwa kusini ya ikweta zielekee kaskazini, ukiwa kaskazini zielekee kusini, mwinuko ukaribiane na latitudo yako. Ukiwa karibu na ikweta kabisa bado uinamishe kama nyuzi 10 mvua ioshe vumbi, ukilaza flati maji yanatuama pembeni na tope linabaki.

Kivuli sasa. Kabla ya kufunga panda juu ya paa (au angalia kwa usalama ukiwa chini) asubuhi, mchana na jioni. Antena, tanki la maji, tawi la mwembe au mti wowote ule. Utasema kivuli chenyewe kidogo, lakini paneli zikiungwa mfululizo moja ikifunikwa kona tu inavuta chini mkondo wa wenzake, kile kijibomba cha antena chembamba kikilala juu ya safu ya seli kinaweza kuzima theluthi ya paneli nzima kwa sababu ndani kwa kawaida zimegawanywa makundi matatu. Sogeza antena.

Na paa lenyewe litabeba? Paneli moja ya 400 ni kilo 20 na zaidi kidogo, uzito sio mkubwa, tatizo ni upepo kunyanyua. Boliti zishike mbao au chuma cha paa, zisishike bati tupu. Kama mbao zimeliwa au paa lina miaka michache limebaki, tengeneza paa kwanza, paneli zinakaa miaka 25. Paa la asbestosi usiruhusu mtu alitoboe, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Hatua ya 6: Inveta na chaji kontrola

Jumlisha wati za vitu vinavyoweza kuwaka pamoja. Mfano wetu haufiki hata 400. Ila friji na pampu wakati wa kuanza vinavuta mara tatu hadi sita ya wati zake kwa sekunde chache, inveta lazima ihimili huo mshtuko. Ya wati 1000 inatosha hapa. Angalia kama wameandika W au VA, inveta ya 1000VA mara nyingi ni wati 800 tu. Na chukua yenye wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa gridi, zile za wimbi la kuiga ni rahisi lakini mota zinanguruma, zinapata moto na feni inalia kama inaumwa.

Volti ya mfumo, wati 1000 kwenye volti 12 ni ampia 83, waya mnene kama kidole. Kwenye 48 ni ampia 21. Kwahiyo mpaka kilowati moja 12 inavumilika, juu yake nenda 24, ukifika 3 nenda 48.

Chaji kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri, chukua MPPT, aina inayokamua paneli vizuri, lakini kuna ndogo ndogo zimebandikwa neno MPPT na ndani ni PWM, ile aina ya kawaida isiyokamua hivyo, ukiona ina bei ya kutupa na nyepesi kama boksi tupu, ndo hizo. Jumlisha volti za paneli zikiwa wazi, hazijaungwa na kitu, ile Voc kwenye lebo ya nyuma, isikaribie kikomo cha kontrola, acha asilimia 15 hadi 20, kwa sababu paneli ikiwa baridi volti inapanda. Paneli mbili za volti 50 kwenye kontrola ya 100, asubuhi ya baridi jua likichomoza imekwenda hiyo, na waranti hawakulipi.

Hatua ya 7: Waya, breka na fundi

Hapa ndo nyumba zinaungua kwahiyo usibane matumizi. Breka upande wa paneli na betri ziwe za DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa gridi unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde (ule wa hezi 50) na cheche ikiruka inakufa yenyewe, DC haina hiyo sifuri, breka ya kawaida ikijaribu kukata cheche inaendelea kuwaka ndani mpaka plastiki inayeyuka. Fyuzi ya betri ikae karibu na terminali. Viunganishi vya waya za paneli, vile vya MC4, viwe vya kampuni moja dume na jike, ukichanganya vinaingia lakini havishikani vizuri vinapata moto. Ethi na kinga ya radi viwepo. Kama kuna gridi, swichi ya kubadilishia iwe ile isiyoweza kuunganisha pande zote mbili kwa wakati mmoja, na yule anayekuambia chomeka inveta kwenye soketi ya ukutani ilishe nyumba nzima, mtoe nje.

Fundi mpe orodha yako na zile namba halafu mnyamaze wote wawili aangalie. Mzuri atauliza maswali, atabishana na wewe kuhusu friji, ataomba kuona paa. Anayerudi na bei bila kuuliza kitu, ameshauza kichwani. Aandike modeli ya kila kitu kwenye kikaratasi, na waranti azitenganishe, ile miaka 25 kwa kawaida ni ya uzalishaji wa paneli, ya kuharibika kwa kifaa chenyewe ni fupi, na ya kazi yake ya mikono ni nyingine. Hela ya mwisho ilipwe baada ya kulala usiku mmoja kila kitu kikiwa kimewashwa na asubuhi betri ina kile mlichokubaliana.

Baada ya kufunga

Mwezi wa kwanza angalia skrini jioni jua likizama na asubuhi kabla halijapanda, andika asilimia ya betri. Kama saa sita mchana betri imeshajaa kila siku una jua unalitupa, hamishia pasi na pampu muda huo. Kama haijai mpaka jioni ongeza paneli kabla ya betri, betri ya pili isiyo na wa kuijaza ni mzigo tu. Paneli zioshe kwa maji matupu na kitambaa laini asubuhi zikiwa bado za baridi. Na ukitaka kuongeza betri za asidi usichanganye mpya na kuukuu, ile kuukuu inaivuta mpya chini ndani ya miezi, bora usubiri uzibadilishe zote kwa pamoja.